Waya wa koili haujulikani kwa rangi

Ni vigumu siku hizi kupata kijiji kati ya Mtwapa na Marereni ambacho pikipiki haijafika. Tangu mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo za chini ya 250cc, chombo hiki kimekuwa miguu ya watu wa Pwani. Ndicho kipelekacho samaki sokoni Malindi alfajiri, ndicho kimfikishacho mwalimu shuleni Ganze, na usiku wa manane ndicho kimbebacho mama mja mzito kutoka Bamba au Langobaya kwenda hospitalini wakati gari halipatikani. Jamaa wengi wa mjini wana ndugu au mtoto anayejipatia riziki kwa bodaboda, na aghalabu chombo chenyewe kimenunuliwa kwa mkopo unaodai chake kila siku, mvua inyeshe au jua liwake.

Kwa hivyo pikipiki ikizima njiani, aliyekwama si dereva peke yake. Nyumba nzima imekwama.

Miongoni mwa maradhi yanayozima pikipiki, lililo sugu ni lile mafundi wanaloliita kukosa moto, yaani plagi haitoi cheche. Mara nyingi dawa inayotolewa haraka ni moja: "Koili imekufa, lete nyingine." Koili mpya inanunuliwa, ya zamani inang'olewa, na hapo ndipo mzozo unapoanza. Nyaya mbili tatu zinaning'inia chini ya tangi, kila mmoja na rangi yake, wala hapana akumbukaye upi ulikuwa wapi. Huyu asema mweusi wenye mstari wa manjano ni athi. Yule aapa kwamba huo ndio waya wa moto. Na ajabu ni kwamba wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, kila mmoja kwa pikipiki aliyojifunzia.

Jumapili hii tutaeleza namna ya kuzitambua nyaya hizo bila kubahatisha. Somo lenyewe si gumu, na mwanafunzi wa sekondari aweza kulifuata pamoja na babake. Lina nguzo moja tu ya kushikwa tangu sasa: waya huulizwa unatoka wapi na unakwenda wapi. Rangi ni dokezo la kuanzia, na dokezo si ushahidi.

KAZI YA KOILI

Betri ya pikipiki ina volti 12. Nguvu hiyo yatosha kuwasha taa na kupiga honi, lakini haiwezi hata kidogo kuruka ule mwanya mdogo wa plagi, ambao haufiki hata milimita moja, ndani ya injini iliyobana hewa na petroli. Ili cheche iruke huko, zinahitajika volti 10,000 na zaidi. Kazi ya koili ni kuzikuza volti chache ziwe nyingi.

Ndani yake mna nyaya mbili zilizozungushwa juu ya chuma. Wa kwanza ni mnene na una mizunguko michache. Wa pili ni mwembamba kama unywele na una mizunguko maelfu, mara mia hivi ya ule wa kwanza. Mkondo wa umeme ukibadilika ghafla katika waya wa kwanza, sumaku iliyo katika chuma hubadilika nayo, na mabadiliko hayo huzaa volti nyingi katika waya wa pili. Jambo hili liligunduliwa na Michael Faraday wa Uingereza mwaka 1831, na hadi leo wanafunzi hulisoma katika fizikia bila kujua kwamba linatendeka kila dakika chini ya tangi la pikipiki iliyowaleta shuleni.

Kuna njia kuu mbili za kuipa koili mkondo huo wa ghafla, na hapa msomaji asikilize vizuri, maana bila kuzitenga njia hizi hawezi kujua waya upi ni upi.

Njia ya kwanza ni ya betri. Koili hupewa volti 12 moja kwa moja kutoka swichi ya ufunguo. Upande wake wa pili hushikwa na kifaa kinachoufungulia mkondo na kuukata. Zamani kifaa hicho kilikuwa ni pointi, baadaye kikawa cha kielektroniki. Mkondo ukikatwa, cheche huruka.

Njia ya pili ni ya kisanduku cha CDI, au sidiai kama wasemavyo mafundi wetu. Kisanduku hiki hukusanya umeme wa mamia ya volti, kikauweka akiba, kisha kikaumwaga wote mara moja ndani ya koili. Katika njia hii koili haiunganishwi na betri kamwe. Waya mmoja hutoka katika CDI, na mwingine ni athi, yaani waya unaokwenda katika chuma cha pikipiki na kurudi upande hasi wa betri. Pikipiki nyingi ndogo zinazobeba abiria katika Kaunti ya Kilifi ni za njia hii ya pili.

Kuchanganya njia hizi mbili kuna gharama yake. Koili ya CDI ina ukinzani mdogo sana, pengine nusu omu tu. Mtu akiiunganisha na volti 12 za betri, hesabu ni nyepesi: gawa 12 kwa 0.5, unapata ampea 24. Fyuzi ya pikipiki ndogo kwa kawaida ni ya ampea 10 au 15, kwa hivyo itakatika palepale. Basi hiyo ni bahati njema. Lakini ikiwa fyuzi ilikwisha kuondolewa na mahali pake pakatiwa kipande cha waya au karatasi ya sigara, kitakachoungua ni koili, na nyaya zote zilizolala chini ya tangi lililojaa petroli.

RANGI NA HADAA ZAKE

Viwanda vina desturi zao za rangi. Waya wenye rangi mbili hutajwa kwa rangi yake kubwa kwanza, kisha mstari wake. Tazama jinsi desturi hizo zinavyogongana:

Honda: athi ni kijani. Waya wa betri ni mwekundu. Ule unaopata umeme ufunguo ukifunguliwa ni mweusi. Waya utokao CDI kwenda koili ni mweusi wenye mstari wa manjano.

Yamaha: athi ni mweusi. Waya wa betri ni mwekundu. Wa ufunguo ni kahawia. Waya wa kwenda koili ni wa rangi ya machungwa.

Suzuki: athi ni mweusi wenye mstari mweupe. Wa ufunguo ni wa rangi ya machungwa.

Kawasaki: athi ni mweusi wenye mstari wa manjano. Wa betri ni mweupe. Wa ufunguo ni kahawia.

Msomaji amekwisha kuona hatari ilipo. Mweusi mtupu kwa Yamaha ni athi, lakini kwa Honda una umeme. Rangi ya machungwa kwa Yamaha huenda katika koili, na kwa Suzuki ni waya wa ufunguo. Mweusi wenye mstari wa manjano ndio mgomvi mkubwa kuliko wote: kwa Honda ni waya wa moto uendao koili, kwa Kawasaki ni athi.

Mtu atasema, "Mimi sina Honda wala Kawasaki." Kweli, lakini ukoo wazo unao. Pikipiki nyingi zitokazo China zimejengwa kwa mfano wa Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976, na nyaya zake hufuata desturi ya Honda. Nayo kampuni ya Bajaj ya India ilishirikiana na Kawasaki tangu miaka ya 1980, hivyo usishangae ukikuta desturi ya Kawasaki ndani ya pikipiki ya Bajaj. Vyombo hivi viwili husimama ubavu kwa ubavu katika kituo kimoja cha bodaboda, na hupelekwa kwa fundi mmoja. Fundi aliyejifunzia cha kwanza akitia mkono katika cha pili kwa mazoea, ataunganisha waya wa moto na athi.

Kisha kuna jambo jingine ambalo kiwanda hakikulipanga. Pikipiki iliyokaa miaka mitano barabarani imepita mikono mingi. Waya ukikatika huungwa kwa kipande chochote kilichopo karakanani, cha redio, cha gari, hata cha taa ya nyumba. Waya unaingia kwenye mkanda wa tepu ukiwa kijani na unatoka upande wa pili ukiwa mwekundu. Wazee walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mama zetu nao hawaitambui leso kwa rangi peke yake. Huigeuza wakasoma jina. Waya pia yafaa usomwe jina lake, na jina hilo husomwa kwa kupimwa.

VIFAA VYA KAZI

Huhitaji karakana kubwa. Tafuta mita ndogo ya umeme ya kupima volti na omu. Tafuta pia taa ya kupimia, nayo waweza kujitengenezea kwa balbu ndogo ya volti 12, kama ile ya indiketa, yenye nyaya mbili ndefu. Ongeza koleo lenye mpini wa plastiki, bisibisi, kipande cha msasa, tepu ya karatasi na kalamu.

Kalamu ndiyo wengi huidharau, kumbe ndiyo yenye faida kubwa. Kabla ya kuchomoa waya wowote, chora kwenye karatasi ulivyokaa, au piga picha kwa simu. Kisha bandika kijikaratasi katika kila waya na uuandikie: "koili kushoto", "koili kulia". Dakika mbili za kuandika huokoa mchana mzima wa kukisia.

Na kabla ya yote, jihadhari. Umeme wa koili unaweza kukurusha na kukuumiza, na mtu mwenye maradhi ya moyo asiuguse kabisa. Ule waya mwembamba utokao CDI nao si wa mchezo, kwa kuwa hubeba mamia ya volti injini inapozungushwa. Usiushike kwa mkono mtu mwingine akipiga kiki. Fanya kazi mahali penye hewa, mbali na petroli iliyomwagika, wala pasiwe na anayevuta sigara karibu.

HATUA KWA HATUA

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anza katika plagi, ufuate ule waya mnene mweusi kuelekea juu. Utakufikisha chini ya tangi, na hapo utakuta kidude cheusi kilichofungwa kwa bolti katika chasisi. Hiyo ndiyo koili. Waya mnene ni wa plagi na hauna mashaka. Mashaka yako katika zile nyembamba, ambazo ni moja au mbili.

Hatua ya kwanza: kagua taa yako ya kupimia kwa kuigusisha katika ncha mbili za betri. Iwake. Angalia fyuzi nayo ni nzima. Taa mbovu au fyuzi iliyokatika itakudanganya katika kila kipimo kitakachofuata.

Hatua ya pili: chomoa nyaya nyembamba kutoka katika koili. Usipime zikiwa zimeunganishwa, kwa sababu umeme hupita ndani ya koili yenyewe, na katika njia ya betri taa inaweza kuwaka pande zote mbili ukabaki hujui upi ni upi.

Hatua ya tatu: fungua ufunguo, na swichi nyekundu ya kuzimia injini kwenye usukani iwe upande wa kuwasha. Shika ncha moja ya taa katika chuma safi cha injini. Ncha ya pili igusishe katika kila waya uliochomoa. Waya ukiwasha taa ufunguo ukifunguliwa, na kuizima ufunguo ukifungwa, basi koili yako ni ya njia ya betri, na huo ndio waya wa kuilisha. Mwenzake ndio uendao katika pointi au katika kifaa cha kukata mkondo.

Hatua ya nne: ikiwa hakuna uliowasha taa, na fyuzi ni nzima, yamkini koili ni ya CDI. Funga ufunguo. Weka mita katika omu, ncha moja katika chuma cha injini, nyingine katika kila waya. Utakaosoma karibu na sifuri ni athi. Uliobaki ni waya wa moto utokao CDI.

Hatua ya tano: hakikisha. Chomoa soketi ya CDI, kisha pima kwa mita kutoka ncha ya waya wa moto pale koili hadi katika kila tundu la soketi ile. Tundu moja litasoma karibu na sifuri. Sasa waujua waya wako mwanzo wake na mwisho wake, hata kama katikati umebadilika rangi mara tatu. Andika.

Ukikuta koili yenye waya mwembamba mmoja tu, usiutafute wa pili. Koili ya namna hiyo hupata athi yake kupitia bolti zinazoifunga katika chasisi. Jambo hili tutalirudia hivi punde, maana huku kwetu Pwani lina balaa lake.

KABLA YA KUITUPA KOILI

Madhali mita iko mkononi, ipime koili yenyewe. Kwanza gusanisha ncha mbili za mita uone inasoma ngapi, kisha toa hesabu hiyo katika kila kipimo. Upande wa nyaya nyembamba, koili ya CDI kwa kawaida husoma chini ya omu 1, na ya njia ya betri omu 2 hadi 5. Upande wa waya mnene, ukiwa umeondoa kofia ya plagi, utapata maelfu ya omu, aghalabu kati ya 3,000 na 15,000. Kitabu cha pikipiki yako kikitaja kipimo kingine, fuata kitabu. Mita ikionyesha kwamba njia imekatika kabisa, koili imekufa kweli. Ikisoma vyema, bado yaweza kuvuja inapopata joto, lakini angalau hujamhukumu asiye na hatia.

Kutazama cheche, ing'oe plagi, uirudishe katika kofia yake, uilaze juu ya chuma cha injini mbali na tundu lake, uishike kwa koleo lenye mpini wa plastiki, kisha mwenzako apige kiki. Usiache waya mnene ukining'inia bila plagi. Umeme ukikosa pa kutokea huweza kupasua njia ndani ya koili.

MTEGO WA SIDIAI

Yafaa tuseme neno juu ya CDI, kwa sababu wengi wakishindwa na koili hukimbilia kuibadilisha hiyo. Ziko za aina mbili. Ya kwanza hulishwa na magineto, yaani koili zilizo ndani ya injini, bila kutegemea betri. Ya pili hulishwa na betri. Dalili ya haraka ni hii: pikipiki iwakayo kwa kiki ilhali betri imekufa kabisa, kwa kawaida ni ya aina ya kwanza.

Soketi zake huweza kufanana hata moja ikaingia mahali pa nyingine, lakini hazibadilishani. Katika ile ya magineto, swichi ya kuzimia injini hufanya kazi kwa kuupeleka waya wake katika athi. Kwa desturi ya Honda waya huo ni mweusi wenye mstari mweupe. Katika ile ya betri, swichi huzima kwa kukata umeme unaoingia. Mtu akiupa waya wa kuzimia wa aina ya kwanza volti 12 za betri, akidhani anailisha CDI, huenda akakiua kisanduku hapo hapo. Kwa hivyo dukani usiseme tu "nipe sidiai." Beba ile ya zamani, na useme kama yako ni ya magineto au ya betri.

Pikipiki mpya zinazotia petroli kwa kompyuta badala ya kabureta zina mambo yake. Hizo mpelekee fundi aliye na kitabu chake.

CHUMVI YA PWANI

Msomaji wa Nairobi au Nakuru aweza kuishia hapo. Lakini anayeishi kati ya Kilifi na Malindi ana adui wa ziada, naye ni chumvi. Upepo wa kusi na wa kaskazi wote hutupulizia unyevu wa bahari. Chumvi hutua katika soketi, hunyonya maji yaliyo hewani, na shaba hugeuka kijani na kuota unga. Wanaofanya kazi karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni wanalijua hili kuliko mtu yeyote: waya unaonekana mzima kwa nje, ukiuvuta unakatika kama uzi mkuukuu.

Sasa rudi katika ile koili yenye waya mmoja. Athi yake ni bolti. Bolti ikiota kutu, athi imekatika na cheche imepotea. Mwenye pikipiki anauziwa koili mpya, inafungwa juu ya kutu ileile, na ugonjwa unabaki palepale. Kumbe dawa ilikuwa ni kipande cha msasa: kusugua chini ya bolti mpaka chuma king'ae, kufunga, na kupaka grisi kidogo juu yake kuzuia unyevu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nyaya zenyewe zisiungwe kwa kusokotwa na kuviringishiwa tepu. Kwa joto letu gundi ya tepu huyeyuka, tepu hufunguka, na unyevu huingia. Waya uchomewe kwa lehemu au ubanwe kwa kiungio chake, kisha uvikwe kile kimpira kinachonywea kikipata joto. Tumia waya wa rangi ileile ikiwa upo. Ikiwa haupo, andika. Unapoosha pikipiki tumia maji baridi yasiyo ya chumvi, na usielekeze mpira wa maji chini ya tangi.

Pikipiki ikisumbua kwa kupotea moto wakati wa mvua tu, iwashe usiku mahali penye giza, na uutazame waya mnene bila kuugusa. Ukiona vimulimuli vya buluu vikicheza juu yake, umeme unavuja kabla ya kufika katika plagi. Waya huo au kofia yake ndiyo ya kubadilishwa.

NENO KWA WENYE CHOMBO

Si kila mtu atapenda kuinama chini ya tangi, na hapana ubaya. Mafundi wetu wa jua kali wana ujuzi mwingi, na wengi wao wamejifunza bila kitabu wala mita, kwa macho na kumbukumbu. Lakini mwenye chombo ana haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya kutoa pesa. Koili imepimwa ikasoma ngapi? Athi imepimwa? Waya wa moto umefuatwa mpaka katika CDI? Fundi mwema hatakasirika. Kuuliza si ujinga, na anayejibu kwa kipimo huwa amejilinda yeye mwenyewe pia, maana chombo hakitarudishwa kwake kesho kwa malalamiko.

Na wewe mzazi uliye na kijana nyumbani anayependa kufungua fungua vitu, mnunulie mita ndogo badala ya kumgombeza. Mpe pikipiki kuukuu ya mjomba, karatasi na kalamu, umwambie achore kila waya unakotoka na unakokwenda. Akimaliza mchoro huo atakuwa ameelewa sura nzima ya fizikia, na pikipiki ya mjomba itakuwa na kitu ambacho pikipiki nyingi za Pwani hazina, yaani ramani yake mwenyewe. Ukunje mchoro huo, uutie katika mfuko wa plastiki, na uufiche chini ya kiti. Siku chombo kitakapozima usiku kule Baolala au Mambrui, yeyote atakayekuja kusaidia hatakuwa na haja ya kukisia.

Tukijaaliwa, Jumapili ijayo tutazungumzia betri isiyoshika chaji, na kwa nini mara nyingi kosa si la betri. Hadi wakati huo, kwaheri ya kuonana.